Vitelezi vya Juno-106 vinavyorukaruka

Ndugu muulizaji, umesema kitelezi (kitufe cha kusukuma) cha kichujio, yaani sehemu inayopunguza au kuongeza ukali wa sauti, cha kinanda chako cha umeme cha Roland Juno-106 hubadilisha sauti kwa kurukaruka. Katika kinanda hicho cha 1984, kitelezi hakipitishi sauti yenyewe, bali hutoa volti ambayo prosesa huisoma na kuigeuza kuwa namba. Kwa hiyo ukanda wa kaboni ulio ndani ya kitelezi ukichafuka au kulika, namba huruka.

Chomoa umeme kwanza, kisha safisha kwa spirei ya viunganishi vya umeme isiyodhuru plastiki, ukikisogeza kitelezi mara nyingi. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba, ingawa mafundi wengi huyakimbilia, kwa sababu hunasa vumbi.

Tatizo likibaki, king'oe kitelezi kwa kuyeyusha lehemu kwa uangalifu, kwani njia za shaba kwenye bodi za zamani hubanduka zikipata joto jingi, halafu kipime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) ukikisogeza polepole: ukinzani ukikatika ghafla, kaboni imeisha na hakuna usafi utakaoirudisha. Kipya kiwe na ukinzani uleule, urefu uleule wa mwendo na herufi ileile iliyoandikwa juu yake. Kwenye vipuri vya Kijapani, B humaanisha ukinzani hupanda kwa usawa kadiri kitelezi kinavyosogezwa.