Kupiga picha za roki kwenye ukumbi mdogo: niliyojifunza Kisumu na Nakuru

Shoo yangu ya kwanza ya roki niliipiga kwa fleshi. Ilikuwa ghorofani, karibu na Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu, ukumbi mdogo hivi kwamba mpiga besi akirudi nyuma hatua mbili anagonga ngoma. Wimbo wa pili, mpiga gitaa akaniinamia: "Buda, zima hiyo kitu, sioni nyuzi!" Nikazima. Nyumbani nilipozitazama zile picha niliona haya: nyuso nyeupe kama unga, waya za spika zimeanikwa kama nguo, na usiku wenyewe haumo.

Bila fleshi, kinachokuokoa ni lenzi. Ile inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, mara nyingi huishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga ni mwingi). Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, hata ya mitumba, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kamera mpya ngoja kwanza.

Mimi huanza na ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikibanwa 6400, na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/200 ya sekunde. Mpiga ngoma anataka 1/320 au kasi zaidi. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Sasa taa nyekundu, adui wangu mkubwa. Kumbi zetu zinazipenda mno. Ikimmwagikia mwimbaji usoni, rangi nyekundu hujaa peke yake na uso unageuka bapa, hauna pua wala shavu. Piga RAW (faili ghafi, rahisi kurekebisha baadaye), punguza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, na ikishindikana geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Bora zaidi, subiri. Usiku mmoja nilikaa karibu wimbo mzima bila kubonyeza, nikihesabu: nyekundu, buluu, zambarau, kisha nyeupe kwa sekunde moja hivi. Mzunguko wa nne nilikuwa tayari, kidole kwenye kitufe. Picha hiyo ndiyo bendi waliyoweka kwenye bango lao.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Niliweka shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, nikijiona mstaarabu. Kana kwamba kuna mtu angesikia "klik" katikati ya magitaa yale! Picha zote zikatoka na mistari ya giza, kwa sababu taa za LED za bei nafuu hupepesa haraka kuliko jicho linavyoona. Rudi kwenye shata ya kawaida. Mistari ikibaki, jaribu 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz na taa zinazoufuata hupepesa mara 100 kwa sekunde, kisha uwapige wakiwa wametulia.

Usisimame mbele ya maiki, itameza mdomo. Kaa pembeni, ungoje mwimbaji amalize mstari na kuvuta kichwa nyuma. Hapo ndipo uso unapofunguka.

Nakuru ongeza jambo moja: usiku kuna baridi, na ukiingia ghafla kwenye ukumbi uliojaa jasho, lenzi hushika ukungu. Iache kamera ndani ya begi robo saa kwanza. Ziba masikio pia.

Na mpiga ngoma usimsahau kule gizani nyuma. Mimi humpigia picha kumi angalau. Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, ndiye anayepiga simu kuziulizia.