Mwavuli wa kasi kwa anayepanga kurukia Tabora au Kigoma

Kwa wanaoruka kutoka ndegeni kwa parachuti, swali linaloletwa kila mara ni jina la aina ya mwavuli wa kasi: Katana au Crossfire? Stiletto bado inafaa? Aliyepata leseni yake ya kuruka pwani, Diani ya Kenya kwa mfano, ana jambo la kulimaliza kabla ya majina hayo. Ni hesabu ya mzigo wa mwavuli, na jibu lake halibaki lilelile ukitoka usawa wa bahari ukaja huku bara.

Chukua uzito wako wote wa kuruka, yaani mwili, nguo, kofia na parachuti zote mbili mgongoni, uugeuze kuwa pauni, kisha ugawe kwa eneo la mwavuli kwa futi za mraba. Mtu wa kilo 75 mwenye vifaa vya kilo 12 ana kilo 87, yaani pauni 192. Akiwa na mwavuli wa futi 150, mzigo wake ni 1.28. Akishuka hadi 135 unakuwa 1.42, na kwenye 120 unafika 1.6. Uzito wa vifaa usiukisie. Vaa kila kitu upande mizani. Ile inayopima marobota ya tumbaku inatosha kabisa.

Sasa njoo kwenye hewa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30, hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko hewa ya pwani yenye joto hilohilo. Mwavuli uleule, mtu yuleyule, kasi inapanda kwa takriban asilimia 7, ya kwenda mbele na ya kushuka pia. Mzigo wa 1.4 Tabora unakimbia kama 1.6 wa pwani. Kigoma iko chini zaidi, uwanja wake ni mita 800 na ushei, na nyongeza ni kama asilimia 5.

Asilimia 7 inaonekana kidogo hadi ufike kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua. Kimo ambacho mwavuli hupoteza unapopiga mbizi na kunyanyuka wenyewe hakifuati kasi tu, hufuata kasi mara kasi, kwa hiyo kinaongezeka kwa karibu asilimia 15. Kona inayokula mita 150 Diani itakula zaidi ya mita 170 Tabora. Atakayeianzia kimo alichozoea ataikuta ardhi kabla mwavuli haujanyooka. Hapa ndipo watu wazuri, wenye uzoefu, huvunjika nyonga na mapaja chini ya mwavuli usio na hitilafu yoyote. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: msimu wa kwanza huku, baki na ukubwa uliokuwa nao pwani, na kama ulikuwa unafikiria kupunguza, ahirisha.

Ipo kanuni ya kidole gumba inayotumika sana: anza na mzigo wa 1.0 na uongeze 0.1 kwa kila miruko 100. Mwenye miruko 300 asivuke 1.3. Kwa Tabora sisi tungeihesabu kwa mzigo uliokwisha kurekebishwa kwa hewa, ambapo 1.3 inashuka hadi kama 1.13. Wengi hawatalipenda jibu hilo, lakini ndilo sahihi.

Kuhusu aina zenyewe, Sabre3 na Pilot ni miavuli ya vyumba tisa vya hewa, yenye ncha zilizopunguzwa kiasi. Inafunguka kwa utaratibu na inasamehe breki iliyovutwa kwa kuchelewa. Stiletto ni duaradufu hasa. Inageuka haraka kwa mvuto mdogo wa breki, imepangwa kuelea kwa mteremko mdogo, na hunyanyuka mapema baada ya mbizi. Ubaya wake, kama wa duaradufu zote, ni kwamba kamba zikijisokota wakati wa kufunguka inaweza kuanza kuzunguka kwa nguvu hadi ulazimike kuutupa mwavuli mkuu. Katana na Crossfire hupiga mbizi ndefu zaidi. Kwa anayejifunza kutua kwa kasi tunaipendelea mbizi ndefu, maana inakulazimisha kuanza juu, ambako kosa bado linarekebishika. Velocity, yenye vyumba 21 na kuta za mshazari, huamka vizuri kwenye mzigo wa 2 kwenda juu. Kama bado unauliza kama inakufaa, haikufai.

Kwa mwavuli uliotumika, tumia muda mwingi zaidi kwenye kamba kuliko kwenye kitambaa. Kamba za nyuzi za Spectra husinyaa kwa joto la msuguano wa slaida, kile kitambaa kinachoteremka kwenye kamba mwavuli unapofunguka, zile za nje zikitangulia, na za breki nazo hufupika. Nyuzi za Vectran na HMA hazisinyai hivyo, ila huchakaa kwa kukatika nyuzi, na vumbi jekundu la kiangazi cha Tabora likiingia ndani linazisaga. Shika kamba ya breki pale inapopita kwenye pete ya raiza (mkanda unaounganisha kamba na mkoba wa mgongoni), ipitishe polepole kati ya vidole: ukihisi manyoya, bei ya seti mpya ya kamba itoke kwenye bei ya muuzaji. Ukiwa angani, achia breki kabisa utazame juu. Kamba za breki lazima zipinde nyuma kama upinde. Zikiwa zimenyooka na mkia unavutwa, mwavuli umefungwa breki muda wote na utakutupa ukivuta raiza za mbele.

Mkoba nao uangalie. Mwavuli wa 120 ndani ya mkoba ulioshonwa kwa 150 unaacha kitanzi cha kufungia kikilegea, na pini inaweza kutoka ukiwa mlangoni mwa ndege. Mwavuli wa akiba usiupunguze ili tu mkoba uwe mdogo; huenda ukatua nao ukiwa umezimia, kwenye hewa hiihii nyepesi.

Kifaa cha kujifyatua kama CYPRES, kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, husoma shinikizo la ardhini kinapowashwa. Ukikiwasha Kigoma kisha ukaenda nacho Tabora kwa gari, kizime na ukiwashe upya uwanjani. Toleo la Expert hufyatua likivuka mita 35 kwa sekunde kwenye kimo cha chini, kasi ambayo mwavuli mdogo unaweza kuifikia kwenye kona. Anayetua kwa kasi anahitaji toleo la Speed, lililowekwa kwenye kasi ya juu zaidi.

Kigoma kuna ziwa na vilima. Upepo ukivuka kilima huvurugika upande wa pili kwa umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo chake, kwa hiyo kilima cha mita 60 kinaweza kukuharibia hewa hadi zaidi ya kilomita moja. Chagua mahali pa kutua kwanza, ukubwa wa mwavuli baadaye.