Maswali na majibu: mama kuitwa kikaoni, mama kuachwa kwenye orodha

Swali (Langoni, Lamu): Mbona wamama hawaji vikao vya bajeti ya kaunti, halafu wao ndo wa kwanza kulalamika?

Jibu: Umeuliza kikao kimeitishwa saa ngapi? Saa nne asubuhi mama karanga, yule mkaanga samaki, yuko ufuoni anangoja mashua, akikosa samaki hapo leo hakaangi na usiku nyumbani hakuna chakula. Wale wa pweza ndo kabisa, wanafuata maji, bamvua ikifika wako mwambani. Na wa Kizingitini avuke kwa boti, nauli yake mwenyewe, aje akae nyuma, asaini mahudhurio, apewe soda, ripoti iandikwe wanawake walishirikishwa. Mimi hizo karatasi za mahudhurio nishachoka nazo, nionesheni pendekezo la mama hata mmoja lililoingia kwenye bajeti ndo tuongee.

Swali: Kwani mambo ya jinsia si ya wanawake tu?

Jibu: La, wanaume nao wamo.

Swali (Mokowe): Mamangu hukaanga samaki, fidia ya bandari hakupata hata ndururu. Ana haki?

Jibu: Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET. Wavuvi, soma vizuri hapo. Samaki wakipungua mkaangaji naye anafunga jiko, lakini ukisema mvuvi watu wanaona mwanamume na nyavu. Kwa fidia ile amuone wakili. Kwa miradi inayokuja ajiandikishe BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo wa uvuvi, kama mchuuzi, BMU si ya wenye vyombo peke yao, na aweke daftari la manunuzi ya kila siku maana ushahidi utaulizwa tu.

Swali: Nikiachwa, kazi za nyumbani zinahesabika?

Jibu: Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inazihesabu kama mchango, ila Muislamu anaruhusiwa kufuata sheria ya dini, kwa hiyo muone kadhi mapema, usingoje nyumba iuzwe.

Swali: Mume wangu ataka nifungue kampuni kwa jina langu tupate zile asilimia 30 za tenda za serikali. Nikubali?

Jibu: Hizo ni za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, si za waume wa wanawake! Hundi za benki utasaini wewe? Akaunti utaiona? Kama hapana usitie sahihi popote, kwa sababu PIN ya kodi ni yako, na KRA wakidai kodi hawatamtafuta yeye.