Maswali yenu: funguo za SSH na mipangilio ya sheli

Nina laptopu nyumbani Nkuhungu na kompyuta ya mezani ofisini Mtumba. Ninakili ufunguo wangu wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao) kwa flashi ili niutumie kote?

Hapana. Kama umeshaunakili, futa nakala hiyo leo. Kila mashine itengeneze wake kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Zitatoka faili mbili: ya siri, ambayo haihami mashine hiyo kamwe, na yenye `.pub`, unayoipeleka kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Huko inakaa kama mstari mmoja ndani ya `authorized_keys`. Laptopu ikiibwa kwenye daladala, unafuta mstari wake tu na ofisini unaendelea na kazi. Ukitumia ufunguo mmoja kote, itabidi ubadilishe kila mahali, tena mbio. Ukitengeneza, ongeza `-C laptopu-nkuhungu` iwe lebo ya kuutambua, maana mistari ile hufanana mno. Na ufunguo uwekee nywila. Programu ya `ssh-agent` itakukumbukia, usiwe unaichapa kila saa.

Niko UDOM. Nimepeleka ufunguo, seva bado inadai nywila!

Mara nyingi ni ruhusa za faili. Kwenye seva andika `chmod 700 ~/.ssh`, kisha `chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys`. Ikigoma, `ssh -v` itakuonyesha ni ufunguo upi umejaribiwa.

Vifupisho vya amri nilivyoweka kwenye faili ya `.bashrc` vinafanya kazi nikiwa mbele ya mashine, nikiingia kwa SSH vinapotea. Kwa nini?

Ukiingia kwa SSH, Bash (sheli, yaani programu inayopokea amri unazochapa) husoma `.bash_profile`, isipoikuta hutafuta `.bash_login`, halafu `.profile`. `.bashrc` haiifuati mpaka uiambie. Basi ndani ya `.bash_profile` weka:

`[ -f ~/.bashrc ] && . ~/.bashrc`

Wenye Mac, tangu toleo la macOS Catalina la 2019 sheli ya akaunti mpya ni zsh, kwa hiyo shughulikeni na `.zshrc`.

Niko Kondoa, nina kompyuta tatu. Mipangilio yote naweza kuiweka kwenye Git (programu ya kutunza faili na historia ya mabadiliko yake)?

Weka, mipangilio ndiyo ya kusafiri. Mambo ya mashine moja, mathalani proksi ya ofisi, yaandike kwenye `~/.bashrc.local` usiyoiingiza Git, na `.bashrc` iisome kama ipo. Lakini funguo za siri zilizomo `~/.ssh` zisiingie humo, hata kama hazina ya Git (repo) ni ya faragha. Ukishaingiza ufunguo, kuufuta kesho hakuuondoi kwenye historia. Ikishatokea, tengeneza mwingine, halafu ule wa zamani uuondoe kwenye `authorized_keys` za seva zote.