Kisovieti kinatokana na nchi gani?

SWALI: Nafundisha historia sekondari. Mwanafunzi ameniuliza: kama Kirusi kinatokana na Urusi na Kijerumani kinatokana na Ujerumani, Kisovieti kinatokana na nchi gani? Nilikosa jibu. Halafu naona wengine wanaandika Umoja wa Kisovyeti, wengine Muungano wa Kisovieti, wengine Usovieti. Tushike lipi? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo wengi wetu tumelipita bila kulitazama. Hakuna nchi iliyoitwa Sovieti, wala kabila, wala mtu. Sovieti ni baraza.

Kwa Kirusi neno ni sovet, na mkazo uko mwishoni, kiasi kwamba sikioni linakuja kama “savyet”. Lina maana mbili zinazokwenda pamoja: nasaha anazopewa mtu, na kikao cha watu wanaopeana nasaha. Mrusi akiomba ushauri kwa rafiki yake anaomba sovet. Mshauri ni sovetnik. Na lile Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Warusi wanaliita Sovet Bezopasnosti. Kipande cha so- kina maana ya pamoja, na -vet ni mzizi wa kale wa kusema, uleule ulio ndani ya otvet, yaani jibu, na privet, yaani salamu. Kusemezana, basi.

Kiswahili tunalo neno lenye tabia hiyohiyo: shauri. Ukimwambia mtu akupe shauri unataka nasaha zake. Ukisema wazee wamekula shauri, wamekaa pamoja wakazungumza jambo likaisha. Shauri tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi uliozaa shura, na Waajemi nao waliuchukua mzizi huo kulitafsiri neno la Kirusi. Kwa Kifarsi, nchi unayoiuliza inaitwa Shuravi. Waafghani nao waliwaita shuravi wale askari walioingia nchini mwao mwaka 1979.

Sasa, baraza limepataje kuwa jina la dola? Chini ya wafalme wa Urusi sovet halikuwa neno la kutisha. Tsar Alexander wa Kwanza aliunda Sovet wa Dola mwaka 1810, chombo cha waheshimiwa wa kumshauri mfalme. Siasa kali iliingia ndani ya neno mwaka 1905. Mwezi Mei wafanyakazi wa viwanda vya nguo huko Ivanovo-Voznesensk waligoma, wakachagua wajumbe wao, na wajumbe wakawa wanakutana kando ya mto Talka, mbele ya wagomaji wenzao. Oktoba mwaka huohuo likaundwa baraza la namna hiyo St Petersburg, ambako mwanamapinduzi Trotsky alipata umaarufu. Lilidumu majuma machache tu, polisi wakawakamata viongozi wake Desemba. Lakini watu hawakulisahau, na mfalme alipoanguka mwaka 1917 mabaraza ya wafanyakazi na askari yalichipuka upya nchi nzima.

Hapa wanafunzi hukosea kidogo: hudhani sovieti na Bolsheviki, chama cha Lenin, ni kitu kimoja. Sivyo. Mwanzoni mwa 1917 Wabolsheviki walikuwa wachache katika sovieti ya Petrograd, yaani St Petersburg kwa jina la wakati huo. Walipotangaza kaulimbiu ya “mamlaka yote kwa sovieti” walikuwa bado wanautafuta wingi ndani yake. Walipoushika wakaushika kwelikweli. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya majini karibu na Petrograd, waliasi, na dai lao la kwanza lilikuwa uchaguzi mpya wa sovieti, kwa kura ya siri. Jeshi Jekundu, jeshi la Wabolsheviki, likawazima. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Desemba 1922, nchi ikapewa jina la mabaraza, wakati ambapo mabaraza yenyewe yalikuwa yakipokea maamuzi ya chama na kunyoosha mikono kuyakubali. Ndiyo maana nasema neno hili ulifundishe pamoja na historia yake, la sivyo mwanafunzi ataamini jina.

Lugha nyingi hazikulitohoa, zililitafsiri. Kwa Kiukraini sovieti ni rada, neno walilonalo hadi leo kwenye jina la bunge lao. Wafini walisema Neuvostoliitto, muungano wa mabaraza. Kwa Kipolandi yapo yote mawili: radziecki lilikuwa neno rasmi, na sowiecki, lililotoholewa, lina ukali wa kutopenda. Sisi tungefuata njia ya Wafini tungekuwa na Muungano wa Jamhuri za Mabaraza, na swali la mwanafunzi wako lisingezaliwa. Tulitohoa.

Na hapa ndipo jibu lake lilipo. Kiambishi ki- hakitokani na majina ya nchi peke yake. Tunasema utawala wa kifalme, mavazi ya kijeshi, mambo ya kitaifa, na hatuulizi Falme iko wapi. Kisovieti kimo katika kundi hilo: kwa mtindo wa sovieti. Herufi kubwa tunaiweka kwa sababu neno limo ndani ya jina rasmi. Wala haikuwapo lugha ya Kisovieti; ndani ya nchi hiyo kulikuwa na Kirusi, Kiukraini, Kigeorgia, Kiuzbeki na nyingine nyingi.

Tahajia: Kisovyeti inakaribia zaidi matamshi ya Kirusi, na haina kosa (wala haihusiani na vyeti vya shule). Kisovieti ndiyo ninayoandika mimi kwa kuwa naiona zaidi kwenye magazeti. Kwa vyovyote, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unaangukia palepale Mrusi anapoukaza. Shika moja, usichanganye ndani ya kitabu kimoja.

Kati ya Umoja na Muungano, mimi nachagua Muungano bila kusita. Umoja wa Mataifa ni nchi nyingi zinazobaki nchi. Mwaka 1922 jamhuri nne zilitia sahihi kuwa dola moja, na hadi 1991 zilikuwa 15. Mtanzania anaielewa tofauti hiyo kuliko wengi.

Usovieti sikushauri. U- hapo inaunda nchi kama Ujerumani na Urusi, na tumeshaona kwamba Sovieti si watu. Kuiita nchi yote Urusi nako kunapotosha, kwani Urusi ilikuwa jamhuri moja kati ya zile 15. Stalin mwenyewe, aliyeitawala nchi hiyo, alikuwa Mgeorgia wa mji wa Gori. Wasovieti, kwa maana ya raia, limeshaenea na silifuti kwenye kazi za wanafunzi, ila darasani ningeandika raia wa Kisovieti.