Milisho ya RSS, JavaScript na mega za mhariri

Hapa Bukavu ninawasaidia watangazaji wa redio ya jamii kukusanya habari za asubuhi. Milisho ya RSS (orodha za makala mpya ambazo tovuti huzitoa ili programu zizisome) ya tovuti wanazozifuata, ikiwemo ya Radio Okapi, inakusanywa na Miniflux, programu ya kusoma milisho, kwenye seva yetu, na msimbo wa JavaScript unaileta kwenye ukurasa wa mhariri. Mwenzangu unayetaka kutumia maktaba ya msimbo iliyokwisha kuandikwa kwa kazi hii, soma kwanza msimbo wake ujue inatuma maombi mangapi na inaleta nini, kwa sababu mega za intaneti anazilipa mhariri.

Chunguza hasa amri ya kuleta makala zote ambazo hazijasomwa. Miniflux hurudisha kila makala pamoja na maandishi yake kamili, hali mhariri anahitaji kwanza kichwa, chanzo na saa. Kwa hiyo mimi huweka programu ndogo ya Node.js (JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari) kwenye seva, ipokee makala, iondoe maandishi na kupeleka orodha nyepesi; maandishi yanaombwa pale tu mhariri anapoifungua makala. Mpango huo unalinda pia ufunguo wa API (njia ambayo programu moja huombea data kwa nyingine), ambao haufai kabisa kuandikwa katika msimbo unaofika kwenye kivinjari, maana yeyote anayeupata anaweza kuitawala akaunti.

Jambo linalowasumbua wengi ni kugawa orodha katika kurasa. Ukiomba makala ambazo hazijasomwa kwa kutumia offset, yaani idadi ya makala za kuruka kutoka mwanzo wa orodha, huku mhariri akiendelea kuzisoma, orodha inapungua nyuma yako na ukurasa unaofuata unaruka makala ambazo hakuna aliyeziona, na kwa chumba cha habari hilo ni kosa zito. Tumia after_entry_id, yaani kigezo cha kuomba makala zinazofuata namba fulani, upange kwa namba ya makala kuanzia ndogo, uendelee kutoka namba ya mwisho uliyoipokea.

Anayetumia FreshRSS, programu nyingine ya kusoma milisho, badala ya Miniflux atafute maktaba ya API ya Google Reader, huduma ya zamani ya Google ya kusoma milisho; huduma yenyewe ilifungwa mwaka 2013, lakini API yake bado inatumika huko.

Katika kuijulisha Miniflux makala zilizosomwa, usitume ombi kwa kila moja. Hifadhi namba zake katika IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, ili zisipotee mtandao ukikatika, kisha uzitume pamoja kwa ombi moja la PUT (ombi la kubadilisha data) kwenye anwani ya API /v1/entries, na uzifute kwenye kivinjari baada tu ya seva kujibu kwamba imezipokea.