Moyo dhaifu na dawa za presha: kwa mnaoanza kazi wodini Kigoma

Mtakutana naye mapema: mzee mwenye presha ya miaka mingi, moyo umetanuka, pumzi zinambana akitembea kidogo, na mkononi ana mfuko wa vidonge alivyokusanya zahanati na maduka ya dawa tangu kijijini kwake kando ya ziwa. Kabla hujaandika chochote, mwombe akuoneshe vyote. Ukiona humo dawa ya kundi linalozuia kalsiamu kuingia kwenye seli, tazama vizuri ni ipi.

Kundi hilo lina matawi mawili, na kuyachanganya kunaumiza watu. Amlodipini na nifedipini hulegeza zaidi mishipa ya damu. Verapamili na diltiazemu huugusa moyo wenyewe. Msuli wa moyo hujikaza kwa kalsiamu. Moyo unaosukuma kwa shida ukiuzuilia kalsiamu hiyo, unaunyang'anya hata nguvu kidogo iliyobaki. Ndiyo maana eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ikionesha moyo unasukuma chini ya asilimia 40 ya damu iliyomo kwa kila pigo, verapamili na diltiazemu haziandikwi. Kama eko bado haijapatikana na dalili zote ni za moyo kushindwa, msizianze. Utafiti wa diltiazemu wa mwaka 1988, kwa watu waliopona shambulio la moyo, ulionesha kwamba waliokuwa na maji kwenye mapafu walipata madhara zaidi wakiitumia. Verapamili pamoja na kavedilolo, dawa nyingine inayopunguza kasi ya mapigo, ni hatari zaidi: mapigo yanaweza kushuka hadi mgonjwa azimie.

Amlodipini ni habari nyingine. Utafiti wa PRAISE wa mwaka 1996 uliwafuata wagonjwa 1,153 wenye moyo dhaifu sana, na kwa jumla dawa hiyo haikuongeza vifo wala kuvipunguza. Basi si tiba ya moyo dhaifu. Inaongezwa tu presha ikibaki juu baada ya mgonjwa kupata zile zinazorefusha maisha: enalaprili, kavedilolo, spironolaktoni. Nawasihi mshike mpangilio huo. Amlodipini ni rahisi kuiandika, presha inashuka, kila mtu anaridhika, na mgonjwa anaondoka bila dawa iliyokuwa imsaidie. Nifedipini inayofanya kazi haraka iacheni kabisa kwa wagonjwa hawa.

Sasa miguu, maana hapa wengi hupotea. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa sababu hutanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, na maji huvuja kwenye nyama. Uvimbe huo hausikii sana furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Ukizidi kumwongezea, mgonjwa anakauka, potasiamu inashuka, figo zinalemewa, na miguu iko vilevile. Kwa hiyo muulize analalia mito mingapi, mpime uzito, tazama mshipa wa shingo, sikiliza mapafu. Kama yote hayo ni mazuri na miguu ilianza kuvimba baada ya amlodipini, punguza amlodipini au iondoe. Kama uzito umepanda na hawezi kulala chali, huo ni moyo. Hapo furosemidi ina kazi, na muulize pia kuhusu samaki wa chumvi.

Ukiondoa dawa, andika sababu kwenye daftari lake kwa herufi zinazosomeka: “Verapamili isirudiwe, moyo dhaifu.” Kisha mweleze ndugu aliyemleta, kwa sababu yeye ndiye atakayetumwa dukani vidonge vikiisha.